Dirisha la Kiganja Kimoja

Senga Tollan alikuwa bado na gauni la kulalia, na yai lake lilikuwa bado linachemka, kengele ya mlango ilipolia. Alipofungua akamkuta bintiye Morven, na nyuma ya Morven fundi seremala aliyebeba mkoba wa vifaa begani na nusu ya mkate mdomoni.

"Mlisema Alhamisi," Senga alisema.

"Kesho kuna mvua, Mama." Morven alimbusu shavuni huku akipita. "Fundi ameona bora aje leo."

Senga akamtazama fundi. Fundi akautazama mkate wake. Hapo Senga akajua kuwa mvua imesingiziwa tu, maana fundi wa Glasgow anayeogopa mvua angekuwa hajapigilia msumari hata mmoja tangu abatizwe.

Na kweli ilisingiziwa. Morven alimjua mama yake. Angempa nafasi hadi Alhamisi, mtaa mzima ungekuwa umepangwa chini ya dirisha kumsihi fundi, kumtisha fundi, na ikibidi kumlilia fundi. Kwa hiyo wawili hao walikula njama kwenye simu wamvamie Jumatano asubuhi, kabla hajatia meno yake mdomoni.

Tuseme haki, madirisha yenyewe yalikuwa yamechoka. Senga alikaa ghorofa ya pili katika jengo la mawe mekundu huko Dennistoun, Glasgow, na madirisha yake ya mbao, yale ya vipande viwili vinavyopanda na kushuka kwa kamba, yalimzidi umri yeye na mama yake pia. Yalikuwa yamepakwa rangi juu ya rangi mpaka moja tu, lile kubwa la sebuleni, ndilo lililokubali kufunguka. Upepo ukivuma yaligongana kama meno ya mtu mwenye baridi, na nyufa zake Senga alikuwa amezijaza magazeti ya zamani na soksi za marehemu mumewe. Manispaa haikuruhusu madirisha ya plastiki kwenye majengo yale, ndipo Morven akaagiza ya mbao, yaliyochongwa mfano wa yale yale, ila yenye vioo viwili viwili vya kuzuia baridi. Kwa hilo Senga hakuwa na neno. Hata yeye alitamani kukaa sebuleni bila kofia.

Neno lake lilikuwa juu ya vizuizi.

Vilikuwa viwili, vya shaba, vidogo kama vifungo vya koti. Fundi angevikaza kwa skrubu pembeni mwa fremu, na kuanzia hapo kipande cha chini cha dirisha kingepanda upana wa kiganja kimoja, kikagota, basi. Hewa ingeingia. Senga asingetoka.

Na kutoka ndiyo yalikuwa maisha yake. Watu wa Glasgow wana kazi moja isiyo na mshahara wala likizo, nayo ni kuning'inia dirishani. Unainua kipande cha chini mpaka mwisho, unaweka mto juu ya kizingiti, unaweka viwiko juu ya mto, na kifua kinafuata. Mtaa wote unakuwa chini yako. Unamuuliza huyu hali ya goti, unamwambia yule kwamba basi limeshapita, unamuuliza wa tatu yule mwanamume aliyeshuka naye kwenye teksi jana ni nani, na kama ni binamu, ni binamu wa upande gani. Zamani kila dirisha lilikuwa na mwanamke wake. Siku hizi wamebaki wachache, na Senga, mwenye nyonga mbovu na ngazi nyingi chini yake, aliifanya kazi hiyo kwa niaba ya wote waliotangulia.

Mwezi wa kwanza Morven alifika bila taarifa akakuta nusu ya mama yake ipo ndani na nusu ipo nje, ikijaribu kuona gari la wagonjwa limesimama mlango wa nani. Alimvuta kwa mkanda wa aproni. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na vizuizi vikaingia kwenye maagizo ya fundi.

Fundi mwenyewe aliitwa Dessie Queeney, mtu wa makamo, mwenye magoti yaliyolia kila alipochuchumaa. Wakati anatandaza shuka la kuzuia vumbi sebuleni, Senga alikimbilia chumbani, akavaa, akatia meno, akapaka na rangi ya mdomo. Mfa maji haachi kutapatapa. Aliporudi alikuwa na kikombe cha chai na mkate wenye soseji ya mraba ndani yake.

"Una mikono mizuri, mwanangu," alimwambia. "Mikono ya fundi hasa. Mikono kama hiyo si ya kukazia vitu vya ovyo ovyo."

"Mama, kama unanipaka mafuta, subiri nimalize kazi. Sasa hivi nitateleza."

"Unashabikia timu gani?"

Dessie akaitaja. Senga akafumba macho kidogo, kisha akamwekea mkono begani.

"Pole sana, mwanangu. Wazazi wako wanajua?"

Dessie alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Senga akaona hapo ndipo mahali pa kupenya.

"Basi tufanye hivi. Vile vitu vya shaba vilikudondoka kwenye ngazi. Umetafuta, hukuviona. Binadamu hupoteza vitu."

"Ninavyo hapa mfukoni."

"Mfuko umetoboka."

"Mwanao ndiye aliyeniagiza, mama yangu. Mimi natumwa tu."

"Mwanangu ni mtoto. Ana miaka hamsini."

Mtoto wa miaka hamsini alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Mama, mwache fundi afanye kazi."

"Nimemzuia? Nampa chai. Siku hizi chai ni kosa?"

"Siku moja utaangukia barabarani."

"Nikianguka nitaangukia kwa watu ninaowajua."

Morven hakucheka. Alikuwa amerithi kidevu cha mama yake, na kidevu hicho kikishasimama hakishuki. "Dirisha litafunguka kiganja kimoja," alisema. "Inatosha kupata hewa, inatosha hata kumpungia mtu mkono. Usipokubali hilo, Mama, kile chumba kwangu kipo. Nimeshakipaka rangi."

Senga alikijua kile chumba. Alilala humo wakati wa Krismasi, kule Bishopbriggs, nje ya mji, kwenye nyumba yenye bustani mbele na bustani nyuma. Wiki nzima alikaa dirishani, na wiki nzima aliona mbwa mmoja na mtu wa kusoma mita. Alimpigia hodi mtu wa mita kwenye kioo, na mtu wa mita akadhani anafukuzwa, akaondoka haraka. Chumba kilikuwa na joto na zulia jipya, na mkwewe alikuwa mpole, na usiku Senga alilala akisikiliza friji kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa na la kusema.

Dessie akaona ni wakati mzuri wa kuanza kelele.

Alipitisha patasi kwenye ukingo wa fremu, na rangi ya miaka mingi ikapasuka vipande vipande, nyeupe, kijani, kahawia, tena nyeupe. Aking'oa papi, zile mbao nyembamba za pembeni, soksi ya marehemu Tollan ikaanguka sakafuni, na Dessie akaiokota kwa adabu akaiweka kwenye kiti. Kisha akakata kamba. Vyuma vya uzani vya kusawazisha dirisha, vilivyokuwa vimening'inia kwenye kamba hizo ndani ya ukuta tangu nyumba ijengwe vikaporomoka gizani kwa kishindo, kimoja, kingine. Senga alishtuka ingawa alikuwa ameonywa. Halafu kipande cha chini kikatoka, cha juu kikafuata, na sebule ikabaki na tundu kubwa lisilo na kioo wala mbao, mtaa ukaingia ndani mzima mzima na harufu yake ya mikate.

Senga akapiga hatua kulielekea tundu lile. Haikuwa kwa makusudi, miguu ndiyo iliyokwenda.

"Wapi?" Morven alimshika mkono. "Twende jikoni. Vumbi hili litakuua."

"Nataka kumwambia Eck wa ng'ambo tu kwamba—"

"Utamwambia baadaye."

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, likitazama ua wa mapipa ya taka, ambako hakuna habari isipokuwa za paka. Morven akafunga mlango ili vumbi lisiwafuate, akaweka birika motoni. Senga akaketi mezani na kujitahidi kutolitazama zulia dogo lililokuwa mbele ya jiko.

Maana hapo ndipo alipoanguka, mwezi wa pili. Alikuwa anageuka na sufuria, kisigino kikanasa kwenye zulia, na alipojua kinachoendelea alikuwa ameshalala chini, uso umeelekea mguu wa meza, nyonga inamwambia maneno mabaya. Simu ilikuwa sebuleni. Alilala pale akihesabu madoa yaliyo chini ya jiko na kuona aibu, kwa sababu alikuwa amesafisha Jumamosi. Kilichomwokoa ni mto. Asubuhi ile mto haukuonekana dirishani, na ng'ambo ya barabara Eck Rennie, aliyekuwa anasubiri kumwambia Senga kwamba kofia yake mpya inafanana na keki iliyokaliwa, hakumwona mtu wa kumwambia. Akasubiri kidogo. Kisha akachukua ufunguo wa akiba aliokabidhiwa siku ya mazishi ya Tollan, akavuka.

Mfupa haukuvunjika. Ila paja liligeuka rangi ya zambarau, na Morven aliambiwa kwenye simu kwamba ni mafua, mafua mabaya, ya kuambukiza, asije wiki hiyo. Na hapa ndipo palipo na ajabu. Mtaa ule haujawahi kutunza siri. Mtaa ule uliwahi kumpongeza msichana kwa uchumba wake kabla hajachumbiwa. Lakini Senga aliwaambia wasimwambie Morven, na hawakumwambia Morven. Waliambizana wao kwa wao tu, kwa uangalifu mkubwa, mpaka wote wakajua.

"Uko kimya, Mama," Morven alisema, akimwekea kikombe mbele. Sauti ilikuwa imelainika. "Sifanyi hivi kukukomoa. Unajua?"

"Najua."

"Nikifikiria umelala chini mahali, peke yako, na hakuna anayejua—"

"Chai hii haina sukari," Senga alisema haraka.

Wakati huo Eck Rennie alikuwa bafuni kwake, nusu ya uso ina povu, nusu imenyolewa. Kila asubuhi alinyoa, akaweka maji ya chai, akaenda dirishani kutukanwa. Leo alipita kwanza dirishani kuangalia kama mtukanaji wake ameshatoka. Aliona tundu. Halikuwa na kioo, halikuwa na mto, halikuwa na Senga. Aliona shuka jeupe likipepea, na mwanamume asiyemjua amepitisha mguu mmoja juu ya kizingiti. Alijua kwamba madirisha yanabadilishwa Alhamisi, Senga alishamwambia mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia. Lakini leo ilikuwa Jumatano.

Eck alifanya kazi maisha yake yote kama mwangalizi wa bwawa la kuogelea la umma, na alipostaafu alirudisha filimbi, sauti akabaki nayo. Aliitumia. Barabara nzima ilisikia jina la Senga isipokuwa watu waliotakiwa kulisikia, maana jikoni mlango umefungwa, na Dessie alikuwa ameziba masikio akikata mbao kwa msumeno wa umeme. Basi Eck akavaa koti juu ya fulana, akachukua ufunguo, akateremka na ndara zake.

Ufunguo haukuhitajika. Dessie alikuwa ameuacha mlango wazi ili apitishe mbao kuukuu, na Morven alikuwa ndio kwanza anatoka jikoni kumpelekea fundi chai ya pili. Wakakutana kwenye korido. Eck alikuwa anahema kama aliyekimbizwa, povu shavu moja, ufunguo mkononi.

"Safari hii kaanguka wapi?" aliuliza. "Jikoni tena?"

Morven alishikilia kikombe kwa mikono miwili. "Tena?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Senga aliumbuliwa na jirani mwenye povu la kunyolea. Alikuwa amekaa pale pale mezani, mlango sasa uko wazi, akamwona Eck anamtazama Morven, kisha anamtazama yeye, kisha anaanza kuelewa. Ilikuwa kama kumtazama mtu akiteleza polepole kwenye barafu.

"Nilimaanisha yai," Eck alisema.

"Yai?"

"Kulianguka yai. Jikoni. Wakati ule."

"Na wewe ukavuka barabara na ufunguo kwa ajili ya yai."

"Lilikuwa yai kubwa," Eck alisema, na hapo hata yeye akaona bora anyamaze.

Morven akageuka. "Mama."

"Mwezi wa pili," Senga alisema. "Hakuna kilichovunjika."

"Mwezi wa pili. Ile wiki ya mafua." Morven akaketi kwenye kiti cha korido, juu ya makoti, kikombe bado mikononi. "Nilikuletea supu. Niliiacha mlangoni ili nisikuambukize na mimi, na wewe ulikuwa humu ndani, umeumia. Nani mwingine anajua?"

Eck akachunguza ndara zake. Kwenye mlango wa sebule Dessie alikuwa amevua vya kuziba masikio, na kwa bahati mbaya alikuwa mtu mkweli.

"Kuna yule mama wa duka la mikate," alisema. "Netta, sijui. Nilipomwambia asubuhi nakuja hapa, akaniambia nitazame zulia la jikoni, ndilo lililomwangusha. Nilikuwa nimepanga kulibandika gundi." Akasita. "Aliniambia nisikuambie wewe."

Senga alitamani kucheka, na alitamani pia ukuta wa dirisha ummeze pamoja na vyuma vyake.

"Fundi amefika leo," Morven alisema taratibu. "Hajamaliza hata chai, na tayari anajua. Mtaa mzima unajua. Mimi mwanao sijui. Kwa nini, Mama?"

Senga alikuwa na majibu. Siku zote alikuwa nayo. Lilikuwepo moja kuhusu Bishopbriggs, na moja kuhusu supu yenyewe, ambayo kusema ukweli ilikosa chumvi. Akayatafuta, na alipofungua mdomo likatoka jingine.

"Kwa sababu wao hawawezi kunihamisha."

Eck akajifuta povu kwa mkono wa koti. Senga aliona uso wa mwanawe ukifanya kile ulichokuwa ukifanya alipokuwa msichana mdogo aliyeanguka uani, ukisubiri kwanza kuona kama inauma. Kisha Morven akainuka, akampa Dessie chai yake, akaingia sebuleni na kusimama mbele ya tundu.

Senga alimfuata mpaka mlangoni, akashindwa kuendelea. Aliogopa. Hakuwa ameogopa vile hata siku ile sakafuni, kwa sababu siku ile alijua kuna mtu atauliza mto uko wapi.

Chini barabarani Netta alikuwa ametoka dukani, unga mpaka kwenye viwiko, ametazama juu.

"Yupo?" aliita.

Morven akatazama nyuma, mlangoni. "Yupo."

"Mzima?"

"Mzima."

"Haya." Netta akarudi ndani. Hakuwa ameuliza wewe ni nani wala unafanya nini hapo. Mwanamume mwenye mbwa alipunguza mwendo, akainua kidevu. "Yupo?" Morven akasema yupo. Basi la abiria likasimama kwenye taa, na dereva akainama kutazama tundu kupitia kioo chake, akainua dole gumba kwa namna ya swali, na Morven, asiyemjua kabisa, akamwinulia la kwake. Akaja kibibi mwenye kikapu cha magurudumu, naye akataka kujua. Morven alijibu wote. Senga alimsikia sauti ikibadilika kila jibu, mpaka la mwisho likatoka kwa shida.

"Kila siku wako hivi?" Morven aliuliza bila kugeuka.

"Jumapili wanachelewa kuamka," Senga alisema.

Dessie alisema tundu haliwezi kukaa wazi likisubiri familia ipatane, akawaomba wasogee. Kazi iliyobaki aliifanya kimyakimya. Vyuma vya zamani visingetosha kusawazisha vioo viwili viwili, kwa hiyo alikuwa amekuja na vizito zaidi, vya madini ya risasi, akavifunga kwenye kamba mpya na kuvitumbukiza ndani ya ukuta kimoja kimoja. Akapachika kipande cha juu. Akapachika cha chini, akakiinua kwa kidole kimoja mpaka mwisho, akakiacha. Kikakaa pale pale. Akakishusha kwa kidole hicho hicho. Mbao ilinukia upya, na nje ya kioo mtaa ulikuwa unaonekana lakini hausikiki hata kidogo. Senga hakuupenda ukimya ule.

Ndipo Dessie akaingiza mkono mfukoni, ambao haukuwa umetoboka, akatoa vizuizi viwili vya shaba. Akaviweka kwenye kiganja akavinyoosha mbele yake, akimtazama Morven.

"Niviweke, au?"

Eck, ambaye hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza, aliacha kutafuna biskuti. Senga akakaza mikono kwenye aproni. Alikuwa ameshaamua hatabisha. Akiambiwa kiganja kimoja, atakaa na kiganja kimoja, ataning'iniza hata mkono.

"Weka," Morven alisema. "Nimeviagiza, viweke."

"Sawa."

"Kwenye kipande cha juu."

Dessie akatazama juu, mahali ambapo hata yeye alihitaji ngazi. "Hakuna anayechungulia kupitia kule, dada. Labda twiga."

"Basi twiga atakuwa salama," Morven alisema, akaenda kutafuta kitambaa cha kujifutia pua.

Senga aliketi. Eck akamsogezea biskuti moja, ambayo ilikuwa ya Senga tangu mwanzo, na Senga akaila bila kusema neno, na huo ndio uliokuwa ukimya wake mrefu kuliko wote ambao Eck aliwahi kuushuhudia. Dessie alipanda ngazi, akakaza shaba zake kule juu kwa umakini wote, akashuka, akakusanya shuka, soksi na magazeti, akahamia chumbani kwenye dirisha la pili.

Morven aliporudi alikuwa na mto. Aliuweka juu ya kizingiti kipya, akaupigapiga, akainua dirisha mpaka mwisho. Mtaa ukarudi na kelele zake.

"Nina sharti," alisema.

"Lipo tu," Senga alisema. "Nilijua."

"Zulia la jikoni linatoka. Na ukianguka tena, hata ukijikwaa, mimi niwe wa kwanza kuambiwa."

Senga akaweka viwiko juu ya mto. Alilifikiria lile sharti kwa haki kabisa, maana mtoto alikuwa amestahili.

"Wa kwanza haiwezekani," alisema. "Wa kwanza ni Eck. Anakaa ng'ambo."

"Wa pili basi."

"Wa pili ni Netta. Eck akitoka mbio na ndara Netta anamwona."

Morven alifumba macho. Akacheka, au ilikuwa inataka kuwa kicheko. "Mimi mwanao. Wa tatu."

"Wa tatu ni nafasi nzuri, mwanangu. Wapo watu humu mtaani wamekaa miaka na hawajafika hapo." Senga alimtazama kwa upande, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaona hana haja ya kuficha kitu chochote usoni. "Wewe unaishi mbali. Hamia huku, nitakupandisha."

Morven aliinama, akausukuma kidogo kando mkono wa mama yake, akapata nafasi ya kuweka kiwiko chake juu ya mto.